Pikipiki Yetu na Njia ya Kila Siku

Wasomaji wengi wajua ya kuwa mji wetu wa Bagamoyo ulikuwa mji wa misafara. Bidhaa zilizokuja kwa jahazi zilishushwa pwani, zikafunguliwa, kisha zikafungwa upya kuwa mizigo ya mabegani, yenye uzito upatao kilo 30 kila mmoja. Ndipo wapagazi walipoanza safari ya bara. Wazee wale walijua ya kuwa mzigo uliofungwa kwa ajili ya bahari haufai kwa njia ya miguu. Sisi mume na mke, walimu wote wawili, tukaao Dunda karibu na pwani ile ile, tulichelewa kulijua jambo hilo, na kuchelewa kwetu kulitupatia mfupa mmoja uliovunjika.

Shule tufundishayo iko upande wa Zinga, kando ya barabara ya lami iendayo Dar es Salaam. Tulipochoka kugombania daladala kila asubuhi, tulitoa akiba yetu tukanunua pikipiki iliyokwisha kutumika, ya namna ile ya kazi mbili, yaani ya barabarani na ya porini. Namna hii ilipata sifa kubwa tangu mwaka 1968, Yamaha ilipoanza kuuza DT-1 yake. Nasi huku tumeizoea, maana mabwana shamba wengi wamezunguka vijijini kwa pikipiki za aina hiyo. Ya kwetu ilikuwa ndefu, tairi zake zina meno makubwa, gurudumu la mbele inchi 21 na la nyuma inchi 18, na madigadi ya mbele imeinuka juu kama mdomo wa korongo. Tukisema kweli, hatukuinunua kwa kuitazama njia yetu. Tuliinunua kwa sababu ilionekana shujaa, nasi tulipenda kuonekana juu yake.

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi ilinyesha mvua ya kwanza ya masika. Mvua hiyo ina hatari kuliko zote zifuatazo, kwa kuwa huchanganya maji na vumbi na mafuta yaliyolala juu ya lami siku nyingi, barabara ikawa kama sahani iliyopakwa samli. Mbuzi akavuka, na mume aliyekuwa akiendesha akakamata breki. Basi, tairi zenye meno hushika vema mchangani na matopeni, maana meno huzama; lakini juu ya lami hayana pa kuzama. Kiasi cha mpira kigusacho barabara ni vichwa vya meno tu, navyo hupindapinda chini ya uzito. Gurudumu la mbele likateleza. Mwendo wetu ulikuwa mdogo, na labda tungalisimama salama kama mguu wa mume ungalifika chini. Lakini haukufika, maana kiti kilikuwa juu mno. Tukaanguka ubavu wa kushoto. Mke alichubuka goti. Mume alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, ndio mkono ushikao klachi. Lori lililokuwa nyuma yetu lilisimama hatua chache tu kutoka kichwani pa mke. Habari ya hatua zile tumeizungumza usiku mwingi.

Tulipokuwa tukingoja mfupa uunge, tulichukua daftari tukaandika safari zetu za mwezi mmoja. Katika siku 20 za shule, siku 19 tulipita juu ya lami, ila vichochoro vya mchanga vya Dunda tu. Siku moja tulipinda kwenda shamba kwa njia ya udongo. Tuliona haya. Tulikuwa tumenunua chombo kwa ajili ya siku moja, tukakitumia siku 19.

Tukampelekea fundi. Msaidizi wake, kijana mwerevu, alitaka tuondoe magurudumu yote mawili tuweke mapana ya inchi 17. Alikuwa ameona picha. Mwaka 1979 televisheni moja ya Marekani ilianzisha mashindano ya pikipiki juu ya lami na udongo pamoja, na kutokana na michezo ya namna hiyo ikakua desturi ya kuzivika pikipiki za porini magurudumu madogo ya barabarani. Lakini gharama yake ilizidi mshahara wetu. Tena kipimo cha mwendo cha pikipiki yetu huendeshwa na gurudumu la mbele, na gurudumu dogo, lizungukalo mara nyingi zaidi, lingalifanya kipimo kiseme uongo. Tukabaki na magurudumu yetu, tukabadili tairi tu: zikawekwa za mifereji midogo, ambazo mpira mwingi hugusa lami.

Kisha fundi akaondoa sproketi ya nyuma yenye meno 50 akaweka ya meno 46. Kwa hiyo, katika mwendo ule ule, injini huzunguka mara 92 pale ilipozunguka mara 100. Kelele ilipungua, na mikono yetu haifi ganzi tena. Lakini cheni ikawa ndefu, ikabidi kukatwa vipingili viwili. Na sasa kuondoka mchangani ni kuzito kuliko zamani. Akashusha madigadi ya mbele karibu na tairi, isipigwe na upepo wala kuturushia maji usoni. Lakini tukipita matopeni, tope hujaa pale hata gurudumu likagoma. Hivyo tulijifunza ya kuwa hakuna badiliko lililokuja bure. Kila tulichopewa kwa mkono wa kulia, tulidaiwa kitu kwa mkono wa kushoto.

Mwisho alishusha kimo. Alipunguza sponji ya kiti sentimeta 2, akapandisha shokapu za mbele ndani ya vishikizo vyake sentimeta 2, na nyuma akashusha kadiri ile ile. Tulimwuliza kwa nini asishushe nyuma peke yake, palipo na abiria. Akajibu ya kuwa nyuma ikishuka peke yake taa ya mbele hutazama juu, ikawapofusha wajao. Na mbele ikishuka peke yake, usukani huwa mwepesi mno kwa mwendo mkali. Hayo yote aliyakumbuka. Stendi tuliisahau sote. Pikipiki ilikuwa imeshuka, na stendi imebaki na urefu wake, basi ikasimama wima badala ya kuegama. Siku ya pili upepo wa kusi uliisukuma, ikaangukia beseni la maandazi la jirani yetu. Tulilipa maandazi yote, tukala yaliyosalia bila mchanga, na jioni ile stendi ikakatwa.

Imebaki habari moja ambayo hatukuikusudia. Mkono wa mume ulikuwa bado kwenye plasta, na pikipiki imekwisha kuwa tayari. Mke akaketi juu yake kwa kujaribu tu, na nyayo zote mbili zikafika chini. Akajifunza, akatahiniwa, akapata leseni, akaanza kuendesha yeye. Siku ya kwanza tulipopita mahali pale pa mbuzi, akapunguza mwendo pasipo kuambiwa. Mume, aliyeketi nyuma kwa mara ya kwanza, aliona jinsi mtu wa nyuma asivyo na breki, wala usukani, wala neno. Ana imani tu. Mkono ulipopona hakuomba kurudishiwa usukani kwa haraka. Hata leo twapokezana.

Ndugu wasomaji, hatuandiki haya ili kila mtu akate stendi yake. Twasema tu: kabla ya kutoa fedha kwa chombo cho chote, chukueni daftari mhesabu siku zenu. Njia tunayoiota ni nzuri, lakini iliyo kazi yetu ni ile tupitayo kila siku, na juu yake, nyuma yetu, ameketi mtu aliyetuamini.