Sapu ya Baiokemia na Ulimi wa Mama Mdogo

Mwaka wa pili nilipigwa sapu ya baiokemia. Sioni aibu kusema, tulikuwa wengi na namba zetu zilibandikwa ubaoni kila mtu akaziona. Swali lililonimaliza lilihusu glikolisisi, yaani namna seli inavyovunja glukosi bila kuhitaji oksijeni. Hatua zote kumi nilizikariri pale kimbwetani, nikaingia chumba cha mtihani zikayeyuka. Nikaenda likizo Morogoro na desa langu, nikiamini hakuna binadamu aliyewahi kuhitaji glikolisisi nje ya mtihani.

Nyumbani nilimkuta mama mdogo amekonda. Pilipili hagusi, chai ya moto hanywi, akiongea anaziba mdomo kwa kanga. Siku ya tatu aliniita chumbani akafungua mdomo. Ulimi na mashavu kwa ndani vilikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda.

"Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya maabara? Hii ni nini?"

Nilijua. Ni fangasi anayeitwa Candida albicans. Nilijua pia majirani walichokuwa wanasema, maana mtaani kwetu mtu mzima akikonda na kuota utando mdomoni, hukumu inatoka kabla ya kipimo. Na mimi, msomi wa familia, nilikuwa nimeshaitoa hukumu hiyo hiyo kimoyomoyo. Nikamjibu, "Hata sijui, mama."

Alikaa wiki mbili zaidi akisukutua maji ya chumvi. Mwishowe nikajikaza nikamwambia twende wote. Kipimo cha VVU kikawa hasi. Kipimo cha sukari kikawa juu mno. Tukarudi na nistatini ya mdomo na dawa za kisukari, tukiwa kimya kwenye daladala.

Niliporudi chuo swali moja lilinikaa kichwani. Candida wengi wetu tunaishi naye mdomoni na tumboni miaka yote bila habari. Kwa nini kwa mama mdogo aligeuka adui? Nikaanza kusoma, safari hii si kwa ajili ya mtihani.

Kumbe ukuta wa fangasi una sukari ndefu inayoitwa beta-glukani. Seli zetu nyeupe zina kipokezi, Dectin-1, kinachoitambua. Kikishainasa, seli inabadilisha hata namna inavyokula. Kwa kawaida seli yetu ikitumia mitokondria inapata takribani ATP 30 kwa glukosi moja. Glikolisisi peke yake inatoa 2. Kwa hesabu ya duka hiyo ni hasara tupu. Lakini makrofeji aliyeko vitani hataki kubana matumizi, anataka kasi. Anabugia glukosi nyingi, anaivunja haraka, na sehemu yake anaichepusha kutengeneza NADPH, ambayo ndiyo inayolisha mlipuko wa kemikali za oksijeni za kumuulia fangasi.

Mwaka 2014 kundi la watafiti akiwemo Mihai Netea wa Nijmegen, Uholanzi, lilionyesha jambo lililonifanya nifunge desa nitafakari. Monosaiti zikikutanishwa na beta-glukani zinahamia kwenye glikolisisi na kubaki na kumbukumbu, hivyo adui akija tena zinajibu kwa nguvu zaidi. Mabadiliko ya ulaji ni sehemu ya kumbukumbu hiyo.

Na Candida naye si mjinga. Mwaka 2018 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba naye anaila ile ile glukosi. Ikiisha, makrofeji anakufa njaa, kwa sababu ameshaitegemea mno. Candida anahamia vyakula vingine na maisha yanaendelea.

Hapo nilichanganyikiwa. Kama seli nyeupe zinataka sukari, mama mdogo mwenye sukari tele si angeshinda? Hapana. Sukari ya damu ikikaa juu siku nyingi, nyutrofili zinazorota: zinachelewa kufika, hazimezi vizuri, na ule mlipuko unafifia. Wakati huo huo sukari inapanda hata kwenye mate, na Candida anakula bila jasho. Askari wamezungukwa na chakula lakini wamelegea, na adui ananenepa.

Sapu niliirudia Septemba. Glikolisisi ikatoka tena, nikaandika kama mtu anayesimulia habari za nyumbani. Nikapata C, kwa kuwa kwetu sapu haizidi C hata uandike nini.

Kinachoniuma mpaka leo ni zile wiki mbili. Nilikuwa na maarifa ya kumwambia kwamba utando mweupe unaweza kuja kwa kisukari, kwa antibiotiki, kwa meno ya bandia, kwa VVU pia, na kwamba vyote vina kipimo au tiba. Hata kipimo cha VVU kingekuwa chanya, bado dawa zipo na angepaswa kwenda siku ile ile. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa pamoja na majirani.

Siku hizi mama mdogo ananipigia Jumapili ananisomea namba za sukari yake, halafu anauliza, "Hizo askari zangu zitakuwa zimeamka?" Namjibu zinaamka, mama, ila usiache dawa. Na ukiona mtu wa kwenu anaziba mdomo kwa kanga, usiseme hujui. Msindikize akapime.