Binti wa Duka la Grantham



Mwezi uliopita binti yangu wa miaka kumi alirudi na kazi ya shule: achague kiongozi mwanamke mwenye nguvu, aeleze alikotoka na kwa nini anamsifu. Akamchagua Margaret Thatcher, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Alizaliwa Grantham, na kutoka kwetu hadi huko ni kama nusu saa tu kwa treni. Nikamwambia, Jumamosi sina zamu, twende tukaone wenyewe.

Kusema kweli nilikuwa na wasiwasi. Kwetu Tanga jina hilo liliwagawa wazazi wangu. Mama, aliyekuwa na genge la mboga na nazi, alimsikia redioni na akampenda. Hadi leo husema, "Yule mama akiongea, wanaume wananyamaza." Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu, hakutaka kumsikia. Miaka ya 80 Thatcher alipinga kuiwekea Afrika Kusini ya makaburu vikwazo vya uchumi, na baba hakumsamehe. Mama alikuwa akimjibu kwa habari ya Lusaka: Agosti 1979 Thatcher alihudhuria mkutano wa Jumuiya ya Madola pale, na mazungumzo yaliyofuata London yakafungua njia ya uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980. Walibishana hivyo miaka mingi, chai ikipoa.

Nilipofika huku na stashahada yangu ya uuguzi, nikasoma shahada na kuanza kazi wodini, niliukuta ubishi uleule. Mzee mmoja niliyemhudumia alikuwa mchimba makaa ya mawe. Katika mgomo mkubwa wa Machi 1984 hadi Machi 1985 yeye aligoma, kaka yake akaendelea kwenda mgodini. Hapa Nottinghamshire wachimbaji wengi hawakugoma, kwa hiyo ugomvi wa nchi uliingia hadi mezani kwa watu. Mzee aliniambia hawakusemezana tena mpaka kaka yake akazikwa. Kitanda cha pili yake kulikuwa na bibi aliyesema Thatcher ndiye aliyeinyoosha nchi hii. Mimi nilikuwa napima presha huku na huku, nikinyamaza.

Grantham ni mji mdogo. Kutoka stesheni tulitembea kidogo tu mpaka St Peter's Hill, uwanja wa nyasi katikati ya mji. Hapo kuna sanamu ya Isaac Newton, aliyesoma shule katika mji huu, na si mbali naye yupo Thatcher, wa shaba, amevaa majoho ya Baraza la Malordi. Wamemsimamisha juu ya jiwe lenye urefu wa kama mita tatu.

"Mama, mbona wamempandisha juu hivyo?"

Nikamweleza kwamba sanamu iliwekwa Mei 2022, na siku hiyohiyo ikarushiwa mayai. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kwa nini mtu arushiwe mayai na ameshakufa?" Nikamsimulia habari za migodi iliyofungwa na miji iliyobaki bila kazi. Nikamwambia pia kwamba alishinda chaguzi kuu tatu, 1979, 1983 na 1987, na hakuna anayeshinda mara tatu bila watu wengi kumpenda. Akaandika yote mawili kwenye daftari lake.

Tukaupita mtaa wa maduka, tukafika North Parade. Pale kwenye kona lipo jengo la matofali, la kawaida kabisa. Leo si duka la vyakula tena, lakini kibao ukutani kinasema alizaliwa hapo. Ilikuwa tarehe 13 Oktoba 1925. Baba yake, Alfred Roberts, alikuwa na duka chini na familia ikaishi juu. Hawakuwa na maji ya moto ya bomba, na choo kilikuwa uani. Kutoka chumba hicho binti huyo alikwenda Oxford kusoma kemia, akaingia bungeni 1959, na Mei 1979 akawa Waziri Mkuu kwa zaidi ya miaka kumi na moja.

Nikampigia mama simu ya video, nikamwonyesha jengo.

"Hapo ndipo alipozaliwa? Juu ya duka?"

"Ndiyo mama. Baba yake alikuwa akiuza chai, sukari, vitu vya nyumbani."

Mama akakaa kimya, kisha akapiga makofi. "Kumbe naye mtoto wa genge!"

Nami ni mtoto wa genge. Hesabu nilijifunza kwa kurudisha chenji. Pale barabarani nilielewa kwamba sanamu ya juu haikunigusa, lakini mlango ule wa duka ulinigusa. Ninamsifu mtu aliyetoka nyuma ya kaunta akaingia vyumba vilivyojaa wanaume, akaongea, na hakuomba radhi kwa kuwa mwanamke. Lakini wauguzi tumefundishwa kwamba dawa kali huponya na pia hudhuru, na anayeandika faili la mgonjwa huandika yote mawili.

Ndani ya treni ya kurudi binti yangu akauliza, "Na sisi, alituhusu?" Nikamwambia ndiyo. Sheria ya Uraia ya 1981, iliyopitishwa chini ya serikali yake na kuanza kazi Januari 1983, ndiyo iliyofanya kuzaliwa hapa peke yake kusitoshe kuwa raia. Yeye alizaliwa Nottingham, lakini pasi yake ya kwanza ilikuwa ya Tanzania. Uraia wa hapa ulikuja baadaye, sisi wazazi tulipopata ukaazi wa kudumu na kumwandikisha. Wazazi wenzangu, wengi wenu mnaijua njia hiyo.

Alitazama dirishani kwa muda. "Basi nimfute nichague mwingine?"

"Hapana. Andika ulichokiona."

Kazi yake aliigawa sehemu mbili. Ya kwanza aliiita "Ninachokisifu", na humo akaandika habari za duka, choo cha uani na Oxford. Ya pili aliiita "Ninachotaka kumuuliza". Humo aliweka swali la mzee wa mgodini, swali la babu yake kuhusu Afrika Kusini, na moja lake mwenyewe: kama mtoto amezaliwa mji mmoja na wenzake, kwa nini asubiri?

Nilimsomea mama kwenye simu. Akasema bado anampenda yule mama. Kisha akaongeza, "Lakini babu yake angefurahi kuyasikia hayo maswali."