Mtoto Ulingoni

Wiki jana mwanangu alikataa kwenda shule. Wenzake humwita Kiboko. Jioni hiyo nilikuwa nikipekua kitabu cha picha za Kijapani, zile za kuchongwa kwenye ubao na kupigwa chapa kwenye karatasi. Mchoraji Sharaku aliwachora waigizaji wa kabuki bila kuwasitiri: mapua, videvu na yote. Lakini mwaka 1794 alimchora pia Daidozan Bungoro, mtoto mnene ajabu wa miaka 7, akiingia ulingo wa mieleka. Hakuletwa kupigana, aliletwa atazamwe. Picha zake zikauzwa.

Mwanangu akachungulia. "Mama, alikuwa na marafiki?"

Sikuwa na jibu. Hata mimi, msomaji mpenzi, nilicheka jina lile lilipoanza.