Sahani ya Wali Kivukoni Ifakara

Ndugu msomaji, mchele wa Ifakara waujua. Umeula arusini na maulidini, na huenda hata leo umo jikoni kwako. Lakini kuula huku pwani ni jambo moja, na kuula kule unakolimwa, kando ya Mto Kilombero, ni jambo jingine.

Kabla ya daraja, aendaye Mahenge hakuwa na budi kungoja kivuko, na penye wangojaji hapakosi wapikaji. Vibanda vilijipanga ukingoni, samaki wakitoka majini kuingia kikaangoni: perege, kambare, kitoga. Kiangazi maji hupungua na mchanga hutokeza, hata mtu wa pwani akadhani yuko kwao. Asidanganyike akavua kanzu. Mto ule una mamba na viboko. Maji yake hukutana na Luwegu, yakawa Rufiji, yakamwagika baharini mkabala na Mafia. Basi sisi na watu wa bonde lile tu majirani, ingawa hatujuani.

Mimi nilipenda kibanda kimoja chini ya mwembe. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, Mkristo. Mara ya kwanza nilisitasita. Akaiona kofia yangu, akasema kabla sijauliza: "Kaa ule, shehe. Sufuria hii haijapata kupikiwa nguruwe. Wateja wangu wengi ni wenzio." Wali aliupika kwa mafuta na chumvi tu, na harufu yake ilikupokea tangu njiani. Wallahi, tui lingeuharibu. (Watu wa nyumbani kwangu wasisome hapa.)

Mwaka 2012 nilikula pale perege mzima kwa wali, shilingi 2,000. Nikatoa noti ya 10,000, hana chenji. Akamtuma mtoto kuitafuta, mara kivuko kikapiga honi, wenzangu wakaniita. Mama akanirudishia noti mkononi: "Nenda, shehe, utanilipa ukirudi." Nilirudi alfajiri, vibanda vimefungwa. Nikasema, safari nyingine, inshaallah.

Safari nyingine ikawa 2019. Daraja la mita 384 lilikwisha kuzinduliwa tangu 2018, neema kubwa kwa wagonjwa na wakulima, wala sikililii kivuko. Basi letu likavuka kabla sijamaliza kusoma dua. Kesho yake nikarudi kwa bodaboda. Mwembe upo, chini yake nyasi tupu. Mvuvi mmoja akasema mama amehamia sokoni mjini, mwingine akasema amerudi kwao Malinyi. Sokoni nilizunguka hadi adhuhuri, nisimwone.

Wakijua kisa cha maiti aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) naye ana deni la dinari tatu: hakumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Nimewasomesha watoto kisa hicho miaka mingi, nami shingoni nina deni la perege. Wapo wanaoniambia, mtolee sadaka, yaishe. Hiyo ni njia ya aliyekata tamaa ya kumpata mwenye haki yake, na mimi Malinyi sijafika.

Fedha zake ziko ndani ya bahasha, rafuni penye vitabu. Nimeziongeza, kwani 2,000 ya leo haileti perege mzima. Ukipita Ifakara, ndugu yangu, kula wali, kisha uliza habari za mama aliyekuwa akipika chini ya mwembe kivukoni. Mwambie shehe wa noti ya 10,000 anamtafuta.