Mama Alipoomba Daftari

Sisi ni mabinti watatu wa mama mmoja. Sote tumeolewa na tuna watoto, na haya tunayaandika pamoja kwa sababu kosa nalo tulilifanya pamoja.

Mwaka 2021 mama yetu, mjane wa miaka 67 aliyeishi Kibaha, alianza kutokwa damu. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mingi, lakini aliona haya kutuambia. (Akina mama wenzetu, damu ya namna hiyo si ya kusubiri, hata ikiwa ni tone.) Tulipomfikisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye shingo ya kizazi na kusambaa. Daktari alitueleza kwa upole kwamba mionzi ingepunguza damu na maumivu, lakini isingeponya. Alitaka kumweleza mama mwenyewe. Tukamsihi atuachie sisi kazi hiyo, kisha tukamwambia mama ana kidonda tu.

Baada ya mionzi tulirudi naye nyumbani, na siku ya pili akaomba daftari na penseli. Aliachishwa shule darasa la pili ili alee wadogo zake. Madarasa ya watu wazima yalipoenea miaka ya 1970 alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Sasa alitaka kusoma.

Tulimjibu, "Mama, pumzika." Tuliona ni kumchosha bure. Naye hakubishana. Alingoja tutoke kwenda sokoni, akamwajiri mjukuu wake wa darasa la tatu kwa malipo ya maandazi.

Kilichomkwamisha si herufi, bali maumivu, na hapo pia tulikuwa na lawama. Tulipewa mofini ya maji, nasi tukaiogopa. Tulidhani itamzoeza kama pombe, kwa hiyo tukampa pale tu alipolia. Muuguzi alipogundua alitukemea. Dawa hiyo hunywewa kwa saa, kila baada ya saa 4, kabla maumivu hayajarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Tulipofuata maelekezo, mama alipata usingizi, na asubuhi akawa na saa nzima ya kukaa kitako mkekani na mwalimu wake mdogo. Ba, be, bi. Tuliwasikia tukiwa jikoni.

Jioni moja tulikuwa tunachambua mchele uani. Mama alikuwa na kadi yake ya kliniki mkononi, akipitisha kidole. "Sa-ra-ta-ni," alisoma. Mikono yetu ikasimama kwenye ungo.

"Msitazamane," alisema. "Nilijua tangu siku mlipoacha kubishana nami. Kila nikisema neno, ninyi ni ndiyo mama, ndiyo mama. Mnadhani daftari niliomba la nini, wanangu? Nimeweka dole gumba maisha yangu yote. Kwenye ndoa yangu, dole. Kwenye karatasi za msiba wa baba yenu, dole. Sikujua hata moja imesema nini."

Tulilia sana jioni ile, na wali ukachelewa. Lakini tangu hapo tuliweza kuzungumza naye mambo ya kweli: nani atabaki na mdogo wetu wa kiume, azikwe wapi, kanga zake apewe nani. Hata kucheka tulicheka.

Wiki sita kabla hajatuacha, mwaka 2022, tulimpeleka kwa mtendaji wa mtaa kuandikisha mgawo wa kiwanja. Mtendaji alimwona mzee na mgonjwa, akamsogezea kidau cha wino. Mama akakirudisha taratibu, akaomba kalamu. Mtendaji alipomwonyesha mstari wa kutia sahihi, mama akatikisa kichwa.

"Ngoja kwanza nisome, mwanangu."

Akavaa miwani yake, akaanza na neno la juu kabisa, nasi tukavuta benchi tukakaa.