Upondo Haukuvunjika

Nilikuwa mtoto baba aliponipandisha dau lake kwa mara ya kwanza, katika ghuba ya Chole, kisiwani Mafia. Alipouzamisha upondo, nikapiga kelele kwamba umevunjika. Akautoa majini, mzima. "Upondo hauna kosa, mwanangu, wala jicho lako. Maji ndiyo yanayopinda nuru."

Darasani nikafundishwa sababu: ndani ya maji nuru huenda kwa takriban robo tatu ya mwendo wake hewani, na ivukapo mpaka huo kwa mshazari, hupinda.

Miaka ikapita, somo nikalisahau. Msikiti wa mtaa wetu, uliokuwa wa makuti, ukaezekwa mabati, ukatiwa sakafu ya vigae na vipaza sauti. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini baba akaanza kuikosa darsa ya baada ya Magharibi. "Sisikii maneno, nasikia kishindo," alisema. Nikamjibu, kwa sauti ya juu, kwamba masikio yake yamezeeka. Akanyamaza. Tangu siku hiyo akawa akiswali na kurejea nyumbani peke yake.

Jioni moja umeme ulikatika. Mwalimu akasomesha kwenye baraza ya jirani, chini ya makuti. Baba alisikia kila neno, hata akauliza swali.

Hapo nikaukumbuka upondo. Makuti yana upenyo mwingi. Sauti huingia humo ikafifia. Bati, vigae na saruji huirudisha. Hewani sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio umbali wa mita 17 huirejesha baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, nayo ikalifunika neno linalofuata. Kijana huyachambua maneno hayo, mzee huelemewa. Na ukiongeza sauti, mwangwi nao huongezeka.

Tukatandika mazulia mazito, tukavielekeza vipaza sauti kwa watu badala ya ukuta, kisha tukavipunguza. Baba akarudi safu ya mbele.

Nilimwomba radhi, akacheka. Luqman alimuusia mwanawe kuiteremsha sauti. Mimi nilimpazia mzazi wangu, kwa kosa la bati. Ndugu msomaji, mzee wako akisema hasikii, kabla ya kuyalaumu masikio yake, tazama kwanza kilicho kati yake na msemaji.