Flapu zinazojishusha zenyewe, na swali la mdogo wangu

Najua nimepotea karibu wiki tatu, lakini bumu lilichelewa na bando halijinunui lenyewe... teh teh. Leo sina habari za foleni ya kafeteria wala mambo ya sapu. Leo naongelea ndege za kivita, tena kipande kimoja tu cha ndege hizo: flapu. Wale wa kozi za sanaa msikimbie jamani, nitakwenda polepole.

Jirani yangu wa chumba yuko uhandisi, ana kompyuta ile ya mezani yenye feni inayounguruma kama mashine ya kusaga, na joistiki aliyoinunua Kariakoo. Humo ndani ameweka simuleta inaitwa DCS World. Kati ya ndege zake kuna F-5E, na mimi ndiyo nimeipenda, kwanza kwa sababu ni ya majirani. Kenya walipokea F-5E zao mwaka 1978, kambi yao iko Laikipia kule Nanyuki, na mwaka 2011 walizipeleka vitani Somalia. Wahabeshi walizitumia Ogaden mwaka 1977 dhidi ya MiG-21 za Wasomali, na angani Wahabeshi ndio walioshinda. Kwa hiyo hii si ndege ya filamu za Marekani tu, imepigana hapa hapa kwetu.

Sasa flapu ni nini? Ni vibao vilivyo ukingoni mwa bawa. Vya nyuma vikiinama, bawa linapinda zaidi na linanyanyua zaidi. F-5E ina vya nyuma na vya mbele pia. Vile vya mbele kazi yake ni kuusaidia upepo ulishike bawa, usibanduke pale pua inapoinuliwa sana. Upepo ukibanduka juu ya bawa, nguvu ya kunyanyua inaporomoka, na ndege inaanza kuanguka hata kama injini inanguruma vizuri kabisa.

Kama hujaelewa, mtazame mwewe. Kwetu Tinde, pale njia panda wanapogawana malori ya Kahama na mabasi ya Mwanza, mwewe ni wengi kwa sababu ya wachoma nyama. Akija kutua kwenye nguzo utaona anainua kifua, anatanua mkia, na pale mbele ya bawa kuna vimanyoya vichache vinasimama. Vile vimeota kwenye kidole gumba chake. Kazi yake ni ile ile ya flapu ya mbele. Na cha kuchekesha, kwenye F-5E swichi ya flapu imewekwa kwenye mkono wa gesi, mahali ambapo rubani anaisukuma kwa kidole gumba!

Swichi hiyo ina nafasi tatu: juu, nafasi maalumu, na otomatiki. Ukiweka otomatiki unaiacha. Kikompyuta cha ndege kinapima spidi na pembe ambayo bawa linakutana nayo na upepo, halafu kinaamua chenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza F2 ili niitazame ndege kwa nje wakati jirani anaendesha. Ukienda moja kwa moja kwa kasi, bawa limenyooka kabisa. Ukivuta joistiki kukata kona kali, flapu zinashuka kwa ngazi, siyo kwa kuteleza. Ukizidi kuvuta, ngazi nyingine. Mwisho wake ni nyuzi 24 mbele na 20 nyuma. Ukiachia na spidi ikipanda, zinarudi. Nilikaa saa nzima nikitazama hilo tu, jirani akaniuliza kama niko sawa kichwani.

Kwa nini zisikae chini muda wote? Kwa sababu hakuna cha bure. Flapu inanyanyua lakini pia inavuta nyuma kama breki, na kwenye spidi kubwa upepo unaipiga kwa nguvu ya mraba wa spidi. Na kwa nini zihitajike kwenye kona? Hapa ndipo hesabu ya Form Four inapopata kazi. Ukiilaza ndege nyuzi 60 na hutaki ishuke, mabawa lazima yabebe mara 2 ya uzito wake. Spidi ya chini kabisa inapanda kwa kipeuo cha pili cha 2. Kama ilikuwa inaelea kwa kilomita 250 kwa saa, sasa inataka kama 354. Rubani yuko shingo imegeuka anamtafuta adui, huna muda wa kukumbuka vibao. Kwenye MiG-21, ndege ambayo na sisi Tanzania tumekuwa nayo, ile ya simuleta ina vitufe: 0, 25 na 45. Ni wewe na kidole chako.

F-16 imekwenda mbali zaidi, zile za mbele hazina hata ngazi. NASA walitoa utafiti wa simuleta mwaka 1979 na kanuni iko wazi mle. Ukiacha kipande kinachohusu jinsi pembe inavyobadilika haraka, ni hivi: chukua pembe ya bawa na upepo, zidisha kwa 1.38, jumlisha 1.45, halafu toa kiasi kinachokua kwa mraba wa spidi. Ukomo ni nyuzi 25. Ukiwa polepole, Mach 0.3, na pembe ya 10, flapu inashuka karibu 14.7. Ukiwa Mach 0.9 na pembe ya 2, jibu linakuja karibu sifuri, bawa limenyooka. Huo ni mstari mnyoofu jamani! Ule ule tunaowachosha nao watoto darasani kwa mifano ya maembe na machungwa.

Basi bwana, mdogo wangu alikuja kunitembelea hapa Dar kwa siku kumi. Amemaliza Form Four, kapangiwa Form Five mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu. Ada imefutwa tangu 2022, sawa, lakini godoro, sare, nauli na vikorokoro vingine havijafutwa, na mama anauza viazi. Mjomba yuko Nyarugusu, Geita, ana sehemu kwenye duara, anamwita. Mdogo wangu mwenyewe ameshapiga hesabu zake. "Kaka, miezi sita tu, nipate hela ya kompyuta kama hii." Mimi wajomba siwapingi, nimelelewa hivyo. Ila ninao niliosoma nao msingi walioenda kwa miezi sita, na sasa ni mwaka wa saba.

Nikamkalisha kwenye kiti cha jirani. Alirusha, akaanguka, akarusha. Siku ya tatu akanigeukia: "Kaka, kama kompyuta inashusha yenyewe, rubani wa kazi gani? Na kama ni hivyo, mimi nikasome fizikia ya nini?"

Swali hilo nilishaulizwa kwa namna nyingine nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi alisema simu inafanya zoezi lote kwa sekunde tano. Majibu ya kwenye desa ninayo, lakini dogo hapendi desa. Nikamwambia azime otomatiki, aweke swichi juu, akate kona ile ile. Ndege ikatikisika, ikazama, akaishia kwenye bahari ya simuleta. Akarudia akiwa na otomatiki, akapita. Akakaa kimya. Halafu akasema, "Kwa hiyo kuna mtu aliikalia hii akaipigia hesabu kabla." Nikasema ndiyo, watu wengi tu. "Na wao walisoma wapi?" Hapo nikacheka, nikamwambia twende tukale kwanza.

Sikumhubiria. Nadhani mtoto wa Kisukuma ukimhubiria sana anakuitikia "ee" halafu kesho yuko kwenye basi la Geita. Nilimpa tu ile kanuni ya F-16 kwenye karatasi, pamoja na ule ukomo wa 25, akaondoka nayo.

Jana usiku kanitumia picha ya daftari kwa WhatsApp. Ametengeneza jedwali la Mach 0.3, pembe kuanzia 0 hadi 18, zote kwa mkono, mwandiko umelala kulia kama wa marehemu baba. Kwenye 17 ameandika 24.3. Kwenye 18 ameandika 25.7, akaikata kwa mstari, akaandika 25, na pembeni: "imegota."

Kuripoti shule ni Jumatatu ijayo. Mjomba kapiga simu tena. Sare zimepatikana, godoro bado, na bumu langu nimeshaligawa. Mwenye godoro la futi mbili na nusu asilolihitaji anitafute, nipo bweni lile lile.